Jinsi ya kupima uwezo wa barabara na mtiririko wa magari: mwongozo kwa anayeanza

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. "Nimehesabu magari 1,200 kwa saa, je, barabara imejaa?" "Nisimame wapi?" "Pikipiki naihesabu kama gari?" "Mbona hesabu yangu inasema barabara ina nafasi, na madereva wamezima injini?" Nimeamua kuyajibu yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kutoka nyumbani na fomu hadi kupata namba unayoweza kuitetea.

Nianze na hilo la magari 1,200, maana ndilo mama wa mengine. Chukua njia moja inayopitisha magari 1,200 kwa saa. Huenda ni magari 20 katika kila kilomita, yanakwenda kilomita 60 kwa saa, kila dereva ametulia. Huenda pia ni magari 80 katika kila kilomita, yanajikokota kwa kilomita 15 kwa saa. Zidisha mwenyewe: 20 mara 60 ni 1,200, na 80 mara 15 ni 1,200. Anayesimama kando ya barabara akipiga vijiti kwenye karatasi ataandika namba ileile siku zote mbili. Kwa hiyo hesabu ya magari peke yake haisemi kama barabara imejaa. Makosa makubwa karibu yote ninayokutana nayo yanatoka hapo: mtu amehesabu magari yaliyopita, akadhani amehesabu magari yaliyotaka kupita.

Andaa haya kabla ya kutoka

- Ruhusa ya mamlaka inayosimamia barabara, na taarifa kwa askari wa usalama barabarani. Mtu anayesimama na kamera kando ya barabara bila barua huulizwa maswali katikati ya saa muhimu kuliko zote.
- Wahesabuji. Mtu mmoja kwa mkondo mmoja wa magari. Penye pikipiki nyingi, weka wawili: mmoja wa pikipiki tu, mwingine wa vilivyobaki. Awepo na wa akiba, kwa sababu baada ya saa moja au mbili macho huchoka na vijiti huanza kupotea.
- Fomu yenye safu za dakika 15 na nguzo za aina za vyombo: gari dogo, pikipiki, basi, lori, baiskeli.
- Simu mbili zenye kamera na saa ya kupima sekunde, pamoja na chaji ya ziada.
- Mkanda wa kupimia wa mita 50 na chaki au rangi ya alama.
- Kizibao cha kuakisi mwanga kwa kila mtu. Hili halina mjadala.
- Kompyuta yenye programu ya majedwali. Kikokotoo kinatosha, ila utachelewa.

Maneno matano, nadharia imekwisha

Mtiririko ni idadi ya magari yanayopita mahali pamoja kwa saa. Kasi unaijua. Wiani ni idadi ya magari yaliyomo ndani ya kilomita moja ya njia kwa wakati mmoja. Vitatu hivyo vimefungwa kwa kanuni moja: mtiririko ni wiani mara kasi. Uwezo ni mtiririko mkubwa kuliko wote ambao mahali hapo panaweza kuupitisha kwa hali ya kawaida. Mahitaji ni magari yanayotaka kupita, yapite yasipite.

Miaka ya 1930 Mmarekani Bruce Greenshields alipiga picha za magari barabarani na kuonyesha kwamba wiani unapopanda, kasi hushuka. Ukichora mtiririko dhidi ya wiani unapata umbo la kilima: unapanda, unafika kileleni, kisha unashuka. Kilele ndicho uwezo. Upande wa kushoto wa kilima magari yanatembea. Upande wa kulia ni foleni. Sehemu kubwa ya kazi yako ni kujua uko upande gani.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Je, makutano haya yanaweza kubeba magari ya asubuhi?" ni swali. "Kuchunguza hali ya usafiri" si swali, na litakufanya ukusanye karatasi nyingi zisizo na kazi.

Hatua ya 2: Tafuta mahali panapobana

Foleni ina kichwa na mkia. Mkia ndio unaoonekana na watu wote, ila chanzo kiko kichwani. Siku moja kabla ya hesabu, itembelee foleni kwa miguu kuanzia mkiani. Endelea mpaka ufike mahali ambapo, ukishapapita, magari yanachanganya mwendo na kuachana. Hapo ndipo panapobana: njia mbili zimekuwa moja, kilima kimeanza, mabasi yanasimama ndani ya njia, au pana taa.

Weka vituo viwili. Kituo A kiwe nyuma ya mkia wa foleni, mahali ambapo magari bado yanakwenda kwa uhuru; hapo unapima mahitaji. Kituo B kiwe kichwani. Hapo unapima uwezo. Hakikisha kati ya A na B hakuna barabara kubwa ya pembeni inayoingiza au kutoa magari. Kama ipo, nayo ihesabiwe.

Ukihesabu katikati ya foleni umepima kile kinachoruhusiwa na kichwa cha foleni, basi. Hakikuelezi habari za barabara uliyosimama kando yake.

Hatua ya 3: Chagua siku na saa

Siku za kazi za katikati ya wiki ndizo tulivu zaidi kwa kulinganisha. Epuka sikukuu, likizo za shule, mvua kubwa na siku yenye ajali. Siku moja haitoshi kwa uamuzi mzito. Pima angalau mbili au tatu.

Anza kabla foleni haijaumbika na maliza baada ya kwisha. Ukifika foleni ikiwa tayari ipo, hujui ilianza na magari mangapi, na hesabu ya mahitaji inakuwa ya kubahatisha.

Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: saa. Simu inaandika 07:00, sisi tunasema saa moja. Chagua mfumo mmoja, uandike juu ya kila fomu, na kila mtu alinganishe saa yake na ya mwenzake kabla ya kuanza. Nimeshapokea fomu mbili za kituo kimoja zilizopishana saa sita, na kuzipatanisha kulichukua muda kuliko hesabu yenyewe.

Hatua ya 4: Hesabu

Piga vijiti vinne, cha tano ukikate kwa mshazari, ili ujumlishe kwa makundi ya tano. Badilisha safu kila dakika 15 bila kusubiri gari linalokaribia. Gari linahesabiwa pale gurudumu la mbele linapokanyaga mstari wako wa chaki, si linapoonekana kwa mbali.

Wakati huohuo simu moja irekodi video kutoka mahali pa juu penye usalama. Video ni shahidi wako. Siku mhesabuji akipiga chafya mara tatu mfululizo, utarudi kwenye video.

Kituo B kinahitaji kitu kimoja zaidi: kila mwanzo wa robo saa, andika foleni ina magari mangapi. Kama ni ndefu kupita macho, pima urefu wake. Gari dogo lililosimama kwenye foleni, pamoja na nafasi iliyo mbele yake, huchukua takriban mita 7, hivyo foleni ya mita 280 kwenye njia moja ni magari madogo kama 40.

Hatua ya 5: Geuza vyombo vyote viwe kipimo kimoja

Lori lenye shehena likipanda mlima halili nafasi sawa na pikipiki. Kwa hiyo kila chombo hugeuzwa kuwa magari madogo linganishi, yaani kingechukua nafasi ya magari madogo mangapi. Tumia viwango vya mwongozo rasmi wa usanifu wa barabara unaotumika mahali unapofanyia kazi, kwa sababu vinatofautiana: vya makutano yenye taa si vya barabara kuu, vya tambarare si vya milimani. Kwa mfano wetu tuchukue gari dogo 1, pikipiki 0.4, basi 2.5 na lori 3.

Robo saa moja ilikuwa na magari madogo 270, pikipiki 150, mabasi 24 na malori 10:

270 + (150 × 0.4) + (24 × 2.5) + (10 × 3) = 270 + 60 + 60 + 30 = 420

Vyombo vilivyopita ni 454, lakini kwa barabara ni sawa na magari madogo 420. Usichanganye namba hizi mbili ndani ya jedwali moja. Ukigawanya vyombo halisi kwa uwezo uliopimwa kwa magari linganishi, jibu lote ni batili.

Hatua ya 6: Tafuta robo saa iliyo kali

Tuseme robo nne za saa ya kilele kwenye barabara ya njia mbili kuelekea upande mmoja, kuanzia saa 1:00 hadi saa 2:00 asubuhi, zilitoa 310, 365, 420 na 345. Jumla ni 1,440. Ila robo ya tatu ingeendelea vilevile saa nzima, tungepata 420 × 4 = 1,680. Gawanya 1,440 kwa 1,680 unapata 0.86. Hicho ni kigezo cha kilele. Kikikaribia 1, magari yanakuja kwa ulinganifu. Kikishuka, yanakuja kwa mafungu, kama ilivyo karibu na shule au kiwanda.

Barabara husakamwa na zile dakika 15, na foleni iliyozaliwa ndani yake inaweza kuchukua saa nzima kuyeyuka. Kwa hiyo tumia 1,680 unapolinganisha na uwezo.

Hatua ya 7: Pima kasi kwa njia iliyo sahihi

Chora mistari miwili ya chaki yenye umbali wa mita 100 kati yake. Pima sekunde ambazo kila gari linatumia kutoka mstari hadi mstari. Chagua magari bila upendeleo, kwa mfano kila la tano. Wanaoanza huvutwa na magari yanayokwenda mbio.

Sasa angalia kosa linalofanywa na wengi. Magari matatu yametumia sekunde 6, 8 na 10. Kasi zake ni kilomita 60, 45 na 36 kwa saa. Ukizijumlisha na kugawanya kwa tatu unapata 47. Lakini kwa kanuni ya mtiririko, wiani na kasi, unatakiwa kujumlisha muda kwanza: mita 300 kwa sekunde 24 ni mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa. Hii ya pili ndiyo sahihi kwa kazi hii, kwa sababu gari linalokwenda polepole hukaa barabarani muda mrefu zaidi na lazima lipewe uzito wake. Kwenye foleni inayokwenda na kusimama, tofauti ya kasi hizi mbili huwa kubwa mno.

Ukiwa na kasi, wiani unajitokeza wenyewe. Magari 1,680 kwenye njia mbili ni 840 kwa njia. Gawanya kwa 45: karibu magari 19 kwa kilomita kwa kila njia. Magari yako karibu karibu, lakini bado tuko upande wa kushoto wa kilima.

Mwongozo wa Marekani wa uwezo wa barabara kuu, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1950, hupanga hali ya usafiri kwa madaraja kuanzia A (bora kabisa) hadi F (mbaya kabisa). Kwa barabara kuu za kasi zisizo na makutano, toleo la mwaka 2000 linaweka mwisho wa daraja A kwenye magari 7 kwa kilomita kwa njia, na mwisho wa daraja E kwenye 28. Zaidi ya hapo ni F. Usivibandike viwango hivyo kwenye mtaa wenye taa. Huko kinachopimwa ni sekunde za kusubiri: kwenye taa, wastani usiozidi sekunde 10 kwa gari ni A, na unaozidi 80 ni F.

Hatua ya 8: Pima uwezo

*Mahali pasipo na taa.* Hapa unasubiri barabara ijieleze yenyewe. Kwa siku kadhaa, rekodi kwenye kituo B mtiririko wa kila dakika 5 au 15 kuanzia kabla ya foleni. Mtiririko mkubwa uliodumu robo saa kabla tu kasi haijaporomoka ndio uwezo wa siku hiyo. Hautakuwa namba moja kila siku, na hilo si kosa lako. Uwezo hubadilika na hali ya hewa, aina ya madereva na idadi ya malori. Utaona pia kwamba foleni ikishaumbika, mtiririko kichwani unashuka chini ya ule wa mwanzo. Ndiyo maana kuzuia foleni isizaliwe kuna faida kuliko kuihangaikia ikishakua.

Kwa kulinganisha, mwongozo huohuo wa Marekani unaweka magari madogo 2,400 kwa saa kwa njia kwenye barabara kuu ya kasi ambayo magari yakiwa huru huenda kilomita 120 kwa saa. Kwa barabara ya njia mbili zinazopishana unaweka 1,700 kwa upande mmoja, na 3,200 kwa pande zote mbili pamoja. Hizo ni namba za hali nzuri: njia pana, bega la barabara liko wazi, hakuna mlima. Ukipata chini ya hapo usishangae. Ukipata juu zaidi, kagua hesabu yako.

*Kwenye taa.* Hapa kazi ni tamu zaidi, kwa sababu jibu unalipata ndani ya asubuhi moja.

a) Simama karibu na mstari wa kusimamia, uone njia moja tu. Taa ikigeuka kijani, anza saa.

b) Andika sekunde gari la nne linapovuka mstari, na sekunde gari la mwisho lililokuwa kwenye foleni linapovuka. Magari manne ya kwanza huachwa kwa sababu madereva bado wanaamka na kuondoa mguu kwenye breki.

c) Gawanya tofauti ya sekunde kwa tofauti ya namba za magari. Gari la 4 limevuka sekunde ya 10.2, la 12 sekunde ya 27.0. Sekunde 16.8 kwa magari 8 ni sekunde 2.1 kwa gari.

d) Rudia kwa mizunguko ya taa isiyopungua 15 yenye foleni ya magari 8 au zaidi, kisha chukua wastani. Tuseme umebaki 2.1.

e) Gawanya 3,600 kwa 2.1: magari 1,714. Hayo ndiyo yangevuka kama taa ingebaki kijani saa nzima na foleni isiishe. Tuyaite mtiririko wa kijani. Kwa hali nzuri kabisa, namba ya kuanzia inayotumiwa Marekani ni 1,900 kwa njia.

f) Zidisha kwa sehemu ya muda ambayo taa ni kijani. Kijani ni sekunde 30 ndani ya mzunguko wa taa wa sekunde 90: 1,714 × 30 ÷ 90 = 571. Uwezo wa njia hiyo ni magari madogo 571 kwa saa.

Kuhusu taa ya manjano: sekunde kama mbili hupotea mwanzoni mwa kijani, na kama mbili za manjano hutumiwa na wanaomalizia kuvuka. Zinafidiana, ndiyo maana kwa makadirio ya kwanza kijani kinachoonekana kinatosha.

Hatua ya 9: Linganisha mahitaji na uwezo

Kwenye taa hiyohiyo, kituo B kimehesabu magari 560 yaliyovuka kwa saa. Gawanya kwa 571: 0.98. Ripoti nyingi huishia hapo na kuandika "makutano yanakaribia kujaa lakini bado yanatosha."

Rudi kwenye foleni uliyoiandika kila robo saa. Saa ilipoanza yalikuwepo magari 6, ilipokwisha yalikuwepo 46. Yaani magari 40 yalikuja na hayakupita. Mahitaji ni 560 + 40 = 600, na 600 ÷ 571 ni 1.05. Makutano yameshindwa. Tofauti ya 0.98 na 1.05 ni ndogo kwenye karatasi, ila kwa mtu aliye ndani ya gari ni tofauti ya foleni inayoisha na foleni inayorefuka kila dakika. Kituo A kinapaswa kukupa karibu na hiyo 600. Kama hakikupi, tafuta gari linalopotea njiani.

Ninasisitiza hatua hii kwa sababu namba yake huamua nani avunjiwe ukuta wa nyumba ili barabara ipanuliwe, na nani aambiwe asubiri. Hesabu ya waliopita peke yake huwaficha watu wote waliobaki nyuma.

Hatua ya 10: Kabla ya kupendekeza upanuzi, jaribu kupanga upya taa

Mwaka 1958 Mwingereza F. V. Webster alitoa kanuni ya kukadiria urefu wa mzunguko wa taa unaopunguza muda wa kusubiri. Kwa kila awamu ya taa, yaani kila zamu ya kupewa kijani ndani ya mzunguko, gawanya mahitaji ya njia iliyobanwa zaidi kwa mtiririko wake wa kijani. Awamu yetu ya kwanza ni 600 ÷ 1,714 = 0.35. Tuseme ya pili ni 0.40. Jumla ni 0.75. Muda unaopotea kila mzunguko, sekunde 4 kwa awamu, ni 8. Kanuni ni hii:

(1.5 × muda unaopotea + 5) ÷ (1 − jumla) = (12 + 5) ÷ 0.25 = sekunde 68

Toa 8, zinabaki sekunde 60 za kijani. Zigawe kwa uwiano wa 0.35 na 0.40: sekunde 28 na 32. Uwezo mpya wa njia yetu ni 1,714 × 28 ÷ 68 = 706, na 600 ÷ 706 ni 0.85. Awamu ya pili nayo inatoka 0.85. Makutano yaliyokuwa yameshindwa sasa yanapumua, na hakuna aliyebomolewa kitu: awamu ya pili ilikuwa ikipewa kijani kuliko inavyohitaji.

Onyo: jumla ikikaribia 1, kanuni inatoa mizunguko mirefu isiyo na maana, na ikivuka 1 inatoa namba hasi. Hapo taa haziwezi kusaidia peke yake. Onyo la pili: kabla ya kufupisha kijani chochote, pima kama mtu mzee anayetembea kwa miguu anawahi kuvuka. Asipowahi, mpango huo haufai, hata namba za magari ziwe nzuri vipi.

Kama mko wawili tu na gari

Ipo njia ya gari linalotembea, iliyoelezwa na Wardrop na Charlesworth mwaka 1954. Dereva anaendesha tu. Kuhesabu ni kazi ya abiria. Kwanza mnakwenda kinyume cha mkondo mnaoupima, mkihesabu magari mnayokutana nayo. Kisha mnageuka na kwenda pamoja na mkondo, mkihesabu yanayowapita na kutoa mliyoyapita ninyi.

Kwenye kipande cha kilomita 2, mmekwenda kinyume kwa dakika 3 na kukutana na magari 110. Mmerudi pamoja nayo kwa dakika 4. 6 yamewapita, 4 mmeyapita, tofauti 2. Mtiririko ni (110 + 2) ÷ (3 + 4) = 16 kwa dakika, yaani 960 kwa saa. Wastani wa muda wa safari ni 4 − (2 ÷ 16), karibu dakika 3.9, sawa na kilomita 31 kwa saa. Rudieni mara sita au zaidi kabla ya kuamini.

Ukikwama

*Uwiano wa mahitaji na uwezo ni mdogo, mfano 0.6, ila foleni ipo.* Umepima mahali ambapo si kichwa cha foleni. Angalia kama makutano ya mbele yamejaa na foleni yake imerudi hadi kwako: taa yako ni kijani, magari hayana pa kwenda. Rudi hatua ya 2.

*Magari yaliyovuka yanazidi uwezo.* Haiwezekani, barabara haipitishi zaidi ya inavyoweza. Ama mwanya kati ya gari na gari uliupima wakati foleni imeisha na magari yanakuja mojamoja, ama kijani hubadilika kila mzunguko nawe umetumia kimoja, ama umechanganya vyombo halisi na magari linganishi.

*Pikipiki zinapenya hadi mbele ya foleni.* Hapo kuhesabu gari la nne hakuna maana, kwa sababu mbele yake zimeondoka pikipiki kumi kwa mkupuo. Badala yake, chukua dakika za kijani ambazo foleni ilikuwepo mwanzo hadi mwisho, hesabu vyombo vyote vilivyovuka upana mzima wa barabara, vigeuze kuwa magari linganishi, kisha gawanya kwa muda. Unapata mtiririko wa kijani wa upande mzima badala ya njia moja.

*Wastani wa kasi kwa kujumlisha muda umekuwa mkubwa kuliko wa kujumlisha kasi.* Umekosea hesabu. Wa muda huwa mdogo, au sawa kama magari yote yana kasi moja.

*Wahesabuji wawili wanatofautiana.* Usichukue wastani wao. Fungua video, hesabu upya robo saa ile. Mara nyingi utakuta mmoja ameliweka basi dogo kwenye magari madogo na mwingine kwenye mabasi. Andika uamuzi mmoja juu ya fomu na urekebishe robo zote.

*Foleni inatokea na kupotea, huoni chanzo.* Huenda kweli hakuna kizuizi. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo magari 22 yalizungushwa kwenye duara la mita 230, madereva wakiambiwa tu waende kwa mwendo ulio sawa. Haikuchukua muda, magari yakaanza kusimama, na ule msimamo ukawa unasafiri kurudi nyuma kutoka gari hadi gari. Wiani ukiwa mkubwa, breki ya dereva mmoja inatosha. Kwenye hali hiyo usitafute shimo wala kona. Pima kasi ya dakika moja moja kwenye vituo viwili vilivyoachana mita mia kadhaa. Ukiona kasi inaporomoka kwanza kwenye kituo cha mbele, kisha cha nyuma baada ya dakika moja au mbili, umelikamata wimbi lenyewe.